NYUMBANI NA GEREJINI: Mkwaruzo Hupimwa Kabla ya Kufutwa

Asubuhi ya Jumamosi moja ya kiangazi, katika ua wa nyumba ya sajini mmoja mstaafu mjini Kamembe, wilayani Rusizi, kijana wa miaka kumi na sita aliamka kabla ya jogoo kuwika ili alioshe gari la baba yake. Lilikuwa Toyota Corolla ya zamani, rangi yake ya buluu iliyokolea, na siku hiyo lilitakiwa kumchukua bibi arusi, binti wa jirani. Jioni iliyotangulia lilikuwa limerudi kutoka bonde la Bugarama, limefunikwa vumbi la barabara na la saruji. Juu ya hayo, mlango wa kushoto ulikuwa na mstari mrefu ulioachwa na usukani wa baiskeli katika msongamano wa mpakani, karibu na daraja la kuvukia kwenda Bukavu.

Kijana alitia sabuni ya unga ndani ya ndoo, akachukua nyuzi za chuma ambazo mama yake husugulia sufuria, akaanza kazi kwa nguvu zake zote. Boneti ilipokuwa imelowa iling'aa, naye akafurahi. Jua lilipochomoza na maji yakakauka, boneti nzima ilikuwa imefifia mithili ya kioo kilichopuliziwa pumzi.

Baba yake alipotoka nje alisimama kimya kwa muda.

"Baba, nilitaka ling'ae mbele ya watu," kijana alisema.

"Ulitaka jema, mwanangu," alijibu mzee. "Lakini hukuuliza."

Gari lilikwenda arusini hivyo hivyo, boneti ikiwa imefunikwa maua. Jumatatu yake lilipelekwa kwa fundi wa rangi. Fundi aliinama, akapitisha kiganja juu ya bati, kisha akasema: "Afande, mkwaruzo wa mlangoni umeletwa na baiskeli. Huu wa boneti umeletwa na nyumba. Na wa nyumbani ndio mkubwa."

Maneno ya fundi yule yana ukweli ambao familia nyingi huugundua baada ya kulipa. Aghalabu rangi ya gari haiharibiwi na mkwaruzo wenyewe, bali na haraka ya kuufuta.

NGUO YA GARI NA UNENE WAKE

Watu wengi hudhani rangi ni pambo. Kwa kweli ni nguo inayolikinga bati lisiguswe na maji na hewa, kwa sababu viwili hivyo vikikutana juu ya chuma huzaa kutu. Gari la kisasa huvishwa nguo hiyo kwa matabaka. Chini kabisa, juu ya bati, huwekwa tabaka la kuzuia kutu. Juu yake hufuata rangi ya msingi, ambayo mafundi huiita praima, na kwa kawaida huwa ya kijivu au nyeupe. Kisha huja rangi yenyewe ionekanayo, na mwisho kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo ndiyo hutoa mng'ao na kulizuia jua.

Matabaka hayo yote kwa pamoja, katika gari lililotoka kiwandani, huwa na unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita au kuzidi kidogo. Anayetaka kuupata unene huo mkononi na ashike kurasa mbili za gazeti zilizolaliana. Vanishi peke yake haifikii unene wa ukurasa mmoja. Basi kila anayesugua gari kwa kitu kikali hana budi kukumbuka kwamba anapunguza kutoka katika ukurasa huo mmoja, na kilichopunguzwa hakirudi.

Magari hayakuwa hivi tangu mwanzo. Hadi miaka ya 1920, kupaka gari rangi na kungoja likauke kuliweza kuchukua wiki kadhaa. Mwaka 1924 magari ya Oakland ya kampuni ya General Motors huko Marekani yalianza kupakwa rangi ya Duco, iliyotengenezwa na kampuni ya DuPont, ambayo ilikauka upesi mno kuliko zile za awali. Mtindo wa kuweka vanishi juu ya rangi ulienea baadaye, katika miaka ya 1980. Kwa hiyo gari la zamani sana laweza kuwa na rangi bila vanishi, na tofauti hiyo ina maana kubwa wakati wa kusugua, kama itakavyoonekana mbele.

ADUI WA RANGI KATIKA RUSIZI

Kila mahali pana adui zake. Barabara itokayo Huye kwenda Kamembe hupita katikati ya msitu wa Nyungwe, ikipanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye ukungu na mvua nyingi. Kisha hushuka hadi kwenye Ziwa Kivu, lililo katika kimo cha mita 1,460 hivi. Katika safari moja gari hupata unyevu wa msituni na jua kali la nchi iliyo karibu na ikweta. Katika barabara za udongo, magurudumu ya malori hurusha mawe madogo ambayo hudonoa boneti na kuacha vidoti vyeupe. Hali kadhalika, kinyesi cha ndege na utomvu wa miti hula vanishi vikiachwa kwa siku kadhaa juani.

Huko Bugarama, eneo la kiwanda cha saruji cha CIMERWA, liko vumbi la namna yake. Saruji ikitua juu ya gari kisha ikalowa kwa umande, huganda na kuwa ngumu. Mwenye gari akiipangusa kavu kwa kitambaa, ni sawa na kupitisha msasa. Yafaa imwagiwe maji mengi mapema, kabla haijaganda. Ikiwa imekwisha kuganda, isikwanguliwe kwa kisu. Kitambaa kilicholoweshwa siki iliyochanganywa na maji kiwekwe juu yake kwa dakika chache ili ilainike, kisha mahali pale paoshwe vizuri.

Adui mwingine ni mdogo na hupendwa. Watoto hufurahia kuandika majina yao kwa kidole juu ya gari lenye vumbi. Kidole hakina kosa. Ila kila chembe ya mchanga iliyo chini yake huchora mstari, na gari likioshwa jina hubaki. Wazazi wawaeleze watoto sababu, maana mtoto aliyeelezwa hukumbuka kuliko aliyefokewa.

KUPIMA KINA

Kabla ya kununua dawa yoyote, mkwaruzo sharti upimwe. Kwanza gari lioshwe kivulini, bati likiwa baridi. Ndoo ziwe mbili: moja ya maji yenye sabuni laini ya magari, nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa. Kazi ianze juu ya paa na kuteremka chini penye uchafu mwingi. Kitambaa kilichoanguka chini kisirudi tena kwenye gari. Wala gari lisioshwe ziwani au mtoni, kwani mafuta na sabuni huingia katika maji ambayo wengine huyateka kwa kunywa na kupikia.

Gari likisha kukauka, mkwaruzo huulizwa maswali manne.

Swali la kwanza: je, ni mkwaruzo kweli? Mara nyingi mstari uonekanao ni rangi ya kitu kingine iliyopakaa juu ya gari. Mahali hapo pasuguliwe taratibu kwa pamba yenye tapentaini kidogo. Rangi ya kigeni ikitoka, chini yake huenda pasiwe na jeraha lolote. Petroli isitumike kwa sababu ya hatari ya moto, wala tina, kwa kuwa huyeyusha rangi ya gari lenyewe.

Swali la pili: je, maji huuficha? Mkwaruzo ulowanishwe. Ukitoweka wakati umelowa na kurudi ukikauka, umo ndani ya vanishi tu. Ndiyo sababu kijana wa Kamembe alidanganyika: maji yalijaza maelfu ya mistari aliyoichora, yakamwonyesha mng'ao ambao haukuwepo.

Swali la tatu: je, ukucha unakwama? Ukucha upitishwe kwa kukatiza mstari, pasipo kukandamiza. Ukiteleza bila kukwama, jeraha ni la juu na laweza kufutwa. Ukikwama, ni la kina, na kulisugua hadi litoweke ni kuimaliza vanishi iliyo pembeni yake.

Swali la nne: je, ndani yake pana rangi gani? Kijivu au weupe usiofanana na rangi ya gari maana yake mkwaruzo umefika kwenye praima. Mng'ao wa chuma, au wekundu wa kutu, maana yake nguo imetoboka hadi mwilini.

MKWARUZO WA JUU

Kwa mkwaruzo wa ndani ya vanishi hutumika kompaundi laini, ile dawa nzito ya kusugulia iuzwayo madukani pa vipuri. Ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana. Kiasi kidogo kitiwe juu ya kitambaa safi cha pamba, na eneo dogo lisilozidi upana wa viganja viwili lisuguliwe kwa mkono mwepesi, kwenda na kurudi. Baada ya dakika moja au mbili lipanguswe na litazamwe. Mkwaruzo ukiwa umefifia kiasi cha kutoonekana kwa hatua mbili, kazi imekwisha. Anayedai ukamilifu hulipa kwa vanishi.

Ncha na mikunjo ya bati, kama ukingo wa boneti na wa mlango, iepukwe, maana huko rangi ni nyembamba zaidi. Kitambaa nacho kitazamwe kila mara. Katika gari la zamani lisilo na vanishi, kitambaa hushika rangi ya gari, na hilo ni la kawaida. Lakini katika gari lenye vanishi, rangi ikionekana kwenye kitambaa ni onyo: vanishi imekwisha, na mkono usimame papo hapo.

Mkwaruzo uliozama kidogo, lakini bado umo ndani ya vanishi, mafundi huuondoa kwa msasa wa maji namba 2000 uliolowekwa katika maji ya sabuni, kwa mapito machache tu, kisha kompaundi. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo ajifunze kwanza juu ya kipande cha bati kilichotupwa gerejini. Mwisho wa yote hupakwa nta ya magari, ambayo haiponyi mkwaruzo, ila hulinda kilichobaki na kurahisisha uoshaji.

MKWARUZO ULIOFIKA KWENYE BATI

Huu hauna subira. Katika wilaya ya mvua nyingi kama Rusizi, bati lililo wazi hushika kutu upesi, na kutu haikai ilipoanza bali hutambaa chini ya rangi nzima na kuiinua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, haraka ya kuziba isichanganywe na haraka ya kusugua.

Kwanza itafutwe rangi iliyo sawa. Namba ya rangi huandikwa kwenye kibati cha gari, ndani ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Katika magari mengi ya Toyota hufuata herufi C/TR. Kwa mfano, 040 ni nyeupe iliyo maarufu sana. Rangi ikichanganywa kwa namba hiyo hukaribiana na ya gari, ingawa gari lililopigwa na jua miaka mingi halitafanana nayo kabisa.

Kutu ikwanguliwe ndani ya mstari tu, kwa kipande kidogo cha msasa namba 400 kilichokunjwa, hadi chuma safi kionekane. Pembeni pafunikwe kwa utepe wa karatasi na gazeti la zamani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na gazeti lafaa vilevile. Mahali hapo pafutwe kwa spiriti ili mafuta ya vidole yaondoke. Kisha praima ipakwe kwa brashi nyembamba ya mchoraji, na kwa vidoti vya mawe kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Ikikauka, ifuate rangi, matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likiachwa likauke kabla ya jingine. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki bichi ndani. Mwisho ni vanishi. Gari lenye vanishi mbichi lisinyeshewe, na mahali palipotengenezwa pasisuguliwe kabla ya wiki moja, wala pasipakwe nta kabla ya mwezi mmoja hivi, ili mvuke wa rangi upate kutoka. Kwa sababu hiyo miezi ya Juni hadi Agosti, mvua zinapopungua, ndiyo mizuri kwa kazi hii.

Bampa ya plastiki haina bati, kwa hiyo haishiki kutu. Mkwaruzo wake waweza kungoja mshahara.

VITU VINAVYODANGANYA

Katika nyumba za askari viko vitu viwili vya kung'arishia ambavyo hushawishi mkono. Cha kwanza ni polishi ya viatu. Hujaza mkwaruzo na kuuficha, lakini mvua ya kwanza huiondoa, na mabaki yake huzuia rangi mpya kushika. Cha pili ni Brasso, iliyokusudiwa vifungo na shaba ya mkanda. Ina chembe za kusugua, na haikutengenezwa kwa vanishi. Dawa ya meno nayo ina chembe laini. Huenda ikapunguza alama ndogo, lakini haijazi shimo lolote. Majivu, mchanga, sabuni ya unga na nyuzi za sufuria vibaki jikoni.

Usalama nao usisahauliwe. Tina na spiriti zisifunguliwe karibu na jiko la makaa. Vumbi la rangi kuukuu laweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo msasa utumike ukiwa na maji, na watoto wakae mbali. Rangi za kupuliza ambazo huchanganywa na dawa ya kuzigandisha zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ziwezazo kuleta pumu. Hizo ni za gereji yenye vifaa vya kupumulia, si za uani.

GARI LA UMMA

Yote yaliyosemwa ni ya gari la mtu binafsi. Gari la jeshi au la polisi lina sheria nyingine, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba mkwaruzo huandikwa kabla ya kuguswa. Dereva anayeufuta kwa siri, hata kwa nia njema, hujiweka mashakani, maana mkwaruzo waweza kuwa ushahidi. Katika ajali ambayo aliyegonga amekimbia, chembe za rangi zilizobaki juu ya gari, baiskeli au nguo huweza kulinganishwa, tabaka kwa tabaka, na rangi ya gari linaloshukiwa. Hata mwenye gari binafsi aliyegongwa aliache lilivyo hadi polisi walione na picha zipigwe. Kompaundi ya dakika tano yaweza kufuta haki ya mtu aliyelala hospitalini.

Sajini yule wa Kamembe alimweleza mwanawe jambo hilo walipokuwa gerejini. Katika utumishi wake aliandika kila alama aliyoikuta kwenye gari alilokabidhiwa, hata iliyo ndogo kuliko punje ya mchele. Wenzake walimcheka, lakini hakuwahi kulipia kosa la mwingine.

Fundi aliirudisha sehemu kubwa ya boneti kwa kompaundi na siku nzima ya kazi. Kwenye ukingo wa mbele, mahali ambapo kijana alisugua zaidi, vanishi ilikuwa imekwisha. Pale hapakuwa na dawa ila kupulizwa upya, na fedha za kupuliza hazikuwapo mwezi ule. Mzee alilipa kwa kilichofanyika, akaomba ukingo upakwe nta na kungojewa.

Mlango wenye alama ya baiskeli aliukabidhi kwa kijana mwenyewe. Kwa muda wa wiki moja, kila alasiri baada ya masomo, kijana alipaka tabaka moja jembamba, akaliacha, akaenda kuteka maji. Mara mbili alitaka kuongeza jingine kabla la kwanza halijakauka, na mara mbili baba yake aliyekuwa ameketi barazani alikohoa tu. Kazi ilipokwisha, mstari bado ulionekana kwa mtu aliyeutafuta kwa karibu.

"Unaonekana, Baba," kijana alisema.

"Unaonekana," mzee alikubali. "Lakini umefungwa."

Mwezi wa Septemba mvua zilirudi kutoka upande wa Nyungwe. Gari lilisimama uani usiku kucha likinyeshewa. Asubuhi kijana alitoka na kitambaa safi, akaukagua mlango kwa ncha ya ukucha. Maji yalikuwa yamepita juu ya mstari ule na kwenda zao, bila kupata njia ya kulifikia bati.